Kichwa Kinauma Tangu Lini, na Kinaumaje?

Simama asubuhi karibu na duka la dawa lililo jirani na kituo cha daladala, iwe Mbagala au Buguruni, au steji ya matatu kule Kawangware, na ombi utakalolisikia zaidi ni moja: "Naomba dawa ya kichwa." Muuzaji haulizi zaidi. Anakata vidonge viwili, wakati mwingine vinne, anapokea pesa yake. Mteja anameza papo hapo na kukimbilia gari. Kondakta aliyekesha, mama ntilie anayewahi kuwasha moto, fundi wa ujenzi, mwanafunzi wa kidato cha nne, wote wanaondoka na kidonge kilekile. Hakuna aliyeulizwa kichwa kinauma upande gani, kilianza lini, huuma mara ngapi kwa mwezi, wala wiki iliyopita alimeza vidonge vingapi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.1, yaani kama 40 katika kila 100, walikuwa na tatizo la maumivu ya kichwa. Ni maradhi ya kila nyumba, na pengine ndiyo maana tunayapuuza. Anayeumwa tumbo huulizwa amekula nini. Anayeumwa kichwa huambiwa ana mawazo mengi, akalale. Madaktari wa mishipa ya fahamu, kwa upande wao, wana mwongozo wa kimataifa ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018, na ndani yake wametenganisha aina zaidi ya 200 za maumivu ya kichwa. Sehemu kubwa ya kazi ya kuzitambua hufanywa kwa kuuliza na kusikiliza tu. Kipimo cha picha ya ubongo kina nafasi yake, lakini kwa wagonjwa wengi maelezo yao wenyewe, wakiachwa wayamalize, hutosha kuonyesha njia. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika: wengi wetu hatujawahi kuombwa maelezo hayo, na tukiombwa hatuna la kusema zaidi ya "kinauma tu."

Wazee waliyachukua maumivu haya kwa uzito wake. Pwani mtu alipigwa chuku. Bara wapo hadi leo wenye alama ndogo za chale kwenye mapanja, walizochanjwa utotoni kichwa kilipowasumbua. Abagusii wa magharibi mwa Kenya walikwenda mbali zaidi. Walikuwa na wapasuaji wao wa jadi waliochana ngozi ya kichwa, wakakwangua mfupa wa fuvu polepole mpaka wakafungua tundu, kwa mgonjwa ambaye kichwa kilikuwa kimemtesa muda mrefu, mara nyingi baada ya kupigwa au kuanguka. Madaktari waliofika huko katika karne ya 20 waliiandika kazi hiyo, na walistaajabu kuona wagonjwa wengi wanapona majeraha yao. Simsihi mtu yeyote arudi huko. Ila mtu mzima hakubali kukwanguliwa fuvu akiwa macho kwa sababu ya maumivu ya kudeka.

Ajabu ni kwamba ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Wapasuaji wanaweza kuufanyia kazi mgonjwa akiwa macho, akizungumza nao. Kinachouma ni vitu vinavyouzunguka: utando unaoufunika, mishipa ya damu, misuli ya kichwa na shingo, macho, meno, na matundu ya mifupa yaliyo nyuma ya pua. Habari za maumivu ya usoni na kwenye utando huo husafirishwa na mshipa mkubwa wa fahamu uitwao trijemina, nazo hukutana shinani mwa ubongo na habari zinazopanda kutoka shingoni. Kwa sababu ya makutano hayo, shingo iliyokaza huweza kuuma kwenye paji la uso, na maumivu yaliyoanzia kisogoni yakamalizikia nyuma ya jicho. Mahali panapouma, basi, hapatoshi peke yake kutuambia tatizo liko wapi.

Hata hivyo majina hatukosi. Kwetu kichwa kikiuma ni malaria, ni presha, ni taifodi, ni sinusi, au ni mawazo, na mara nyingi jina hutolewa kabla ya kipimo.

Malaria huumiza kichwa kweli, tena sana, lakini kwa kawaida huja na homa, baridi na maumivu ya viungo. Tangu mwaka 2010 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Kikisema hakuna malaria, dawa ya mseto haitakitibu kichwa hicho. Mgonjwa anayepata nafuu siku ya pili baada ya kumeza mseto bila kupimwa huamini aliponywa na mseto, wakati maumivu yake huenda yalikuwa ya aina inayokwisha yenyewe baada ya siku mbili tatu. Mwezi unaofuata yanarudi, naye anasema malaria imekuwa sugu. Taifodi nayo ina mkasa wake: kipimo cha Widal, kinachotumika bado katika maabara nyingi za mitaani, huweza kutoa majibu ya "ndiyo" kwa mtu ambaye mwili wake unakumbuka tu maambukizi ya zamani, au maambukizi mengine kabisa.

Suala la presha linahitaji kusemwa kwa sauti, kwa sababu linaua. Presha iliyopanda kwa kiwango cha kawaida, tuseme 150 au 160 kwa 95, mara nyingi haiumi popote. Huharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo kimya kimya kwa miaka. Kichwa huuma kwa ajili yake pale inapopanda sana, 180 kwa 120 au zaidi. Wapo wazazi wetu wengi wanaomeza dawa za presha siku kichwa kinapouma tu, na kuziacha kikitulia, wakiamini kichwa ndicho kipimo chao. Baba au mama wa namna hiyo anaweza kukaa miezi mitatu bila maumivu yoyote na presha yake iko juu muda wote. Kama kuna mstari mmoja wa makala haya wa kumsomea mzee nyumbani Jumapili hii, ni huo.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe. Iliyoenea kuliko zote ni kichwa cha kubana. Hukaza pande zote mbili, toka kwenye paji la uso hadi kisogoni, kwa nusu saa au hata wiki nzima. Hakipwiti, hakileti kutapika, na mtu huweza kuendelea na kazi ingawa hana raha. Misuli ya shingo na mabega huwa migumu ukiibonyeza. Anayeinamia cherehani au simu kutwa, anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani mara kadhaa kwa siku, anayelala saa nne kwa usiku, anayesubiri mshahara uliochelewa, wote wana sababu ya kukipata. Dawa ya kawaida ya maumivu hukituliza, na kunyoosha shingo, maji, chakula na usingizi husaidia kuliko watu wanavyofikiri. Kina mama na mabinti waongeze sababu moja ambayo haitajwi: nywele zilizosukwa kwa kubana. Ngozi ya kichwa ikivutwa saa ishirini na nne huuma, na katika mwongozo ule wa kimataifa maumivu ya kuvutwa nywele yana kifungu chake. Kama vipele vimeota kwenye nywele za mbele na huwezi kulalia mto, fumua hata kama umesuka jana na ulilipa ghali.

Njaa na kiu nazo huumiza kichwa, na hapa wanaofunga wanajua ninachosema. Siku za kwanza za Ramadhani kichwa huanza kugonga alasiri, na wengi husingizia njaa peke yake. Kwa mnywaji wa kahawa au chai ya rangi nzito, mkosaji mkubwa ni kukosa kafeini: maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho na huisha ndani ya wiki moja mwili ukizoea. Anayepunguza kikombe kimoja kimoja katika siku za mwisho za Shaabani, asiporuka daku, na akanywa maji ya kutosha usiku, huingia kwenye mfungo kichwa kikiwa salama zaidi.

Aina inayonigusa kuliko zote ni kipanda uso, kwa sababu ndiyo inayodhulumiwa. Mchukue mwalimu wa darasa la nne. Jana yake amepiga miayo kutwa nzima bila kuchoka, ametamani vitu vitamu, shingo imekuwa nzito. Leo anaandika hesabu ubaoni, na pembeni mwa jicho panaanza kumeremeta. Mstari wa zigizaga unaong'aa unatanuka polepole, na ndani yake tarakimu alizoandika mwenyewe zinapotea. Anakaa. Baada ya dakika ishirini hivi mstari umeondoka, naye anashukuru Mungu; kisha panja la kulia linaanza kupwita kwa mapigo ya moyo. Kelele za watoto zinamchoma. Mwanga wa dirishani unamchoma. Harufu ya samaki wanaokaangwa nje ya uzio wa shule inamtapisha. Akiinama kuokota chaki, maumivu yanaongezeka. Anaomba ruhusa, anafika nyumbani, anafunga pazia, anajifunga kanga kichwani kwa nguvu na kulala gizani. Wifi yake anamwona hapo saa nane mchana, mtu mzima hana homa, hana jeraha, na kesho kutwa atakuwa anatembea kama hakuna kilichotokea. Hapo ndipo maneno yanapoanza: mvivu, anadeka, ana majini, karogwa.

Hana hayo yote. Ana ugonjwa unaofahamika wa ubongo unaohisi mambo kupita kiasi, ambao mara nyingi hurithiwa, na ambao kila shambulio lake, lisipotibiwa, hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Mstari ule wa mwanga huwapata wachache kati ya wagonjwa. Wengi huanza moja kwa moja na maumivu. Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Marekani Karl Lashley, aliyekuwa na kipanda uso mwenyewe, alichora jinsi mstari huo ulivyotambaa machoni pake, akakokotoa kwamba kuna kitu kilikuwa kikipita juu ya ubongo wake kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão, akiwa anachunguza ubongo wa sungura, aliliona wimbi linaloenda polepole namna hiyo, likizima utendaji wa seli kila linapopita. Baadaye wanasayansi wengine wakaonyesha jinsi mshipa wa trijemina unavyomwaga protini iitwayo CGRP, inayotanua mishipa ya damu na kuamsha maumivu kwenye utando wa ubongo. Kwa kazi hiyo, Lars Edvinsson, Peter Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen walipewa tuzo ya Brain Prize mwaka 2021. Yule mwalimu aliyelala gizani, kwa maneno mengine, anaumwa kitu kinachopimika.

Tena hayuko peke yake. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyozunguka hospitali ya Haydom, Mbulu, wakahoji zaidi ya watu 7,000, walikuta kipanda uso kwa watu kama 4 katika kila 100, na wanawake walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanaume. Homoni zina mkono hapo. Wanawake wengi hushikwa siku zinazokaribia hedhi. Vichokozi vingine ni kukosa usingizi au kulala kupita kawaida, kuruka mlo, jua kali la saa saba, manukato makali, na hata siku ya mapumziko baada ya wiki ya kuhangaika. Wengi walioambiwa wana sinusi, kwa sababu maumivu yako usoni na pua imeziba kidogo, ukiwauliza vizuri utakuta ni kipanda uso. Sinusi ya kweli huja na makamasi mazito ya rangi na mara nyingi homa.

Dawa ya shambulio inataka mambo mawili: mapema na kipimo kamili. Mtu mzima anayemeza kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500 baada ya saa tatu za maumivu amefanya kazi bure. Tumbo lenyewe wakati huo limelala na halisukumi dawa mbele. Vidonge viwili vya paracetamol, au ibuprofen ya miligramu 400 kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito, vikimezwa mara maumivu yanapoanza, huwatosha wengi, pamoja na dawa ya kuzuia kutapika akiandikiwa na daktari. Zipo pia dawa maalumu za jamii ya triptani, zilizoanza kutumika mapema miaka ya 1990. Kwetu hupatikana kwa shida na bei yake inauma. Na jambo moja kwa kina dada: mwenye kipanda uso kinachotanguliwa na mstari wa mwanga au ganzi ya upande mmoja asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, kwa sababu hatari ya kiharusi huongezeka. Njia nyingine zipo. Amwambie mhudumu wa kliniki kuhusu kichwa chake, hata asipoulizwa.

Kuna aina moja adimu ambayo naitaja kwa sababu anayeipata huteseka peke yake. Huwashika zaidi wanaume. Maumivu makali mno huchimba nyuma ya jicho moja, jicho lile lile kila mara, linakuwa jekundu na kutoa machozi, na tundu la pua la upande huo linaziba. Hudumu dakika 15 hadi saa 3, huja kwa saa zilezile, mara nyingi usiku wa manane, kwa wiki kadhaa, kisha hutoweka kwa miezi. Mwenye kipanda uso hutaka kulala tuli; huyu hawezi kukaa, huzunguka chumbani na wengine hugonga kichwa ukutani. Hewa safi ya oksijeni kwa barakoa huwatuliza wengi wao ndani ya robo saa, na mtungi wa oksijeni upo karibu kila hospitali ya wilaya. Kinachokosekana ni mtu wa kuutambua ugonjwa.

Aina hizi, kuanzia kichwa cha kubana hadi hii, huumiza lakini haziui. Yapo yanayoua.

Mjamzito aliyevuka wiki ya 20 ambaye kichwa kinamuuma na hakitulii kwa dawa yuko kwenye hatari ya kifafa cha mimba mpaka ithibitike vinginevyo. Hapo ndipo nesi anayejua kuuliza anapookoa watu wawili kwa maneno machache.

"Mama, kichwa kinauma tangu lini?"

"Tangu juzi jioni, nesi. Nilimeza Panadol mbili, hakikutulia."

"Na macho yanaonaje?"

"Naona kama vinyota vinyota. Na hapa chini ya mbavu panauma."

Kuanzia hapo hakuna cha kusubiri. Presha inapimwa, mkojo unapimwa protini, na mama huyo harudi nyumbani siku hiyo. Akichelewa, kinachofuata ni degedege, kiharusi au kupoteza mtoto. Sindano ya magnesiamu salfeti, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huzuia degedege hilo. Uso na mikono kuvimba ghafla ni dalili nyingine. Na hatari haiishi kwa kujifungua: huendelea hadi wiki sita baadaye, wakati ambao mama amerudi nyumbani, amezungukwa na uji na pongezi, na kichwa chake kinaitwa uchovu wa uzazi. Wakwe, kina shangazi na kina baba wenye mtoto mchanga ndani ya nyumba walijue hili.

Kichwa kingine kinachoua ni cha jiko la mkaa. Juni na Julai, Makete, Njombe, Lushoto, Limuru na Nyahururu baridi huingia mifupani, na familia huingiza jiko chumbani, huziba dirisha na kulala. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Ishara ya kuitambua ni kwamba wote waliomo chumbani huumwa pamoja, na hupata nafuu wakitoka nje. Mtu aliyelala hapati nafasi ya kutambua. Moshi kuisha hakumaanishi mkaa umekuwa salama. Makaa yaliyoiva vizuri, yasiyotoa moshi kabisa, bado hutoa hewa hiyo.

Kisha kuna homa ya uti wa mgongo: kichwa kikali, homa, shingo ngumu isiyoinamia kifua, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa. Huyo hapaswi kusubiri asubuhi. Lakini kwa mtu anayeishi na VVU ambaye kinga imeshuka, ipo homa ya uti wa mgongo inayotokana na fangasi aitwaye kriptokokasi, nayo huja kwa hila. Kichwa huuma wiki mbili au tatu, kikiongezeka taratibu, homa kidogo au hakuna, shingo laini. Mgonjwa hununua dawa ya maumivu, anapimwa malaria, anaombewa, na siku anapofikishwa hospitali haoni vizuri. Kipimo cha damu cha kuikamata mapema kipo. Utafiti uliofanyika katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, uliwezesha Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kupendekeza tiba inayoanza na dripu moja kubwa ya dawa mahali pa dripu za kila siku kwa wiki nzima.

Katika maeneo ya Mbulu na nyanda za juu kusini, ambako nguruwe huzurura na vyoo ni vichache, kichwa cha muda mrefu kinachoambatana na kifafa kilichoanza ukubwani huweza kutokana na mabuu ya mnyoo tegu yaliyofanya makazi ubongoni. Mtu huyapata kwa kumeza mayai ya mnyoo kupitia mikono, maji au mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha binadamu mwenye mnyoo, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuonja kitimoto. Huko mlimani Kilimanjaro nako, ambako kilele cha Uhuru kipo mita 5,895, mgeni, mwongozaji na mpagazi huweza kuumwa kichwa kwa upungufu wa oksijeni, na kanuni ni kutopanda zaidi mpaka kitulie, na kushuka mara moja ukianza kuyumba au kuchanganyikiwa.

Na kuna kichwa kinachopasuka kwa ghafla, kikafikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, ambacho mtu husema hajawahi kukiona maishani. Huenda mshipa umepasuka ndani. Kuna kichwa kilichoanza baada ya ajali ya bodaboda, hata kama mtu aliinuka akajipangusa vumbi. Kuna kichwa kipya kabisa kwa aliyevuka miaka 50, kuna kinachoambatana na mkono kulegea, mdomo kwenda upande au maneno kukwama, na kuna kinachoongezeka kila wiki. Kwa wote wenye vichwa hivi safari ni ya hospitali, siyo ya dukani.

Sasa nirudi kwenye vidonge, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu tumenaswa bila kujua. Mtu mwenye kipanda uso au kichwa cha kubana akitumia paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe huanza kuleta maumivu. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye dawa mbili au tatu na kafeini ndani yake, siku 10 zinatosha. Kichwa huamka na mtu, kidonge cha asubuhi hukituliza hadi mchana, kinarudi, cha jioni kinafuata. Kila kidonge kinafanya kazi kidogo kuliko cha jana, na mgonjwa anaongeza. Hana tamaa wala udhaifu wa tabia. Amefanya alichofundishwa na kila mtu. Njia ya kutoka ni kuacha au kupunguza kwa usimamizi wa daktari, na aambiwe ukweli mapema: siku za mwanzo kichwa kitauma zaidi, pengine kwa wiki moja au mbili, kabla ya kuachia. Asipoambiwa, atakimbilia kidonge siku ya nne na kuamini hawezi kuishi bila hicho.

Daftari la shule la kurasa arobaini linaweza kufanya kazi kubwa hapa. Kila siku kichwa kinapouma, andika tarehe, saa kilipoanza na kilipoisha, upande, kama kilipwita au kilibana, kama ulitapika, ulikula na kulala vipi, tarehe ya hedhi, na kila kidonge ulichomeza. Baada ya miezi miwili kurasa hizo zitamwonyesha daktari jambo ambalo dakika tano za chumba cha daktari haziwezi kulitoa. Akiona mashambulio ya kipanda uso ni manne au zaidi kwa mwezi, anaweza kuanzisha dawa ya kuyazuia, inayomezwa kila siku hata siku kichwa ni kizima. Propranolol ni mojawapo, kwa asiye na pumu; amitriptyline kwa kipimo kidogo cha usiku ni nyingine, na hiyo husaidia pia kichwa cha kubana kisichokoma. Zote mbili ni dawa za zamani, za bei ya chini. Nyingi ya lawama zinazotupiwa dawa hizi hutoka kwa watu walioziacha wiki ya pili kwa kuona hazijafanya kitu. Huanza kwa kipimo kidogo, hupandishwa taratibu, na zinahitaji wiki sita hadi nane ndipo daftari lionyeshe kama siku za maumivu zimepungua.